Fenesi kwenye Kiti cha Mbele

Kila jioni, saa mbili kamili, watu wanne wenye akili zao huingia kwenye visanduku vinne vya runinga ya Pathayam na kuanza kubwekeana. Pathayam ni ghala la mpunga, na waliokipa kituo jina hilo walikuwa na nia njema: ghala la habari za Kerala nzima. Siku hizi mpunga haumo. Wamebaki panya, na panya wenyewe wamevaa mashati meupe yaliyopigwa pasi.

Mjadala ukiisha, mtazamaji huzima runinga akaenda kula, moyo ukimdunda, akiamini kwamba wale watu wakikutana barabarani watatoana macho. Maskini mtazamaji. Hajui kwamba wale wawili wanaobweka kuliko wote wamekuja na gari moja, watarudi na gari moja, na njiani watachangia pakiti moja ya chipsi za ndizi. Kampuni inabana mafuta. Anayeyajua hayo yote ni Velukkutty, kwa sababu gari analiendesha yeye.

Velukkutty ana miaka hamsini na mmoja na kitambi cha kukaa nyuma ya usukani. Ukimuuliza kazi yake atasema dereva, lakini atasema kama mtu anayetaja ugonjwa. Kwa damu yeye ni mpiga matoazi. Baba yake alipiga matoazi, babu yake alipiga matoazi, na kila sherehe ya hekalu la Peringavu kulikuwa na mtu wa ukoo huo kwenye mstari wa nyuma, akigonganisha sahani mbili za shaba mpaka meno yakafa ganzi. Mpiga ngoma husifiwa, mpuliza baragumu hutazamwa. Mpiga matoazi hakumbukwi na mtu mpaka siku akosekane, ngoma nzima ikaanza kuchechemea kama meza yenye mguu mfupi.

Velukkutty amekosekana miaka minne. Sherehe za hekalu ni za jioni, kuanzia Januari hadi Mei. Mjadala nao ni wa jioni, kuanzia Januari hadi Januari.

"Ulivyokuwa dereva wa basi nilikuwa na mume," Ammini, mkewe, humwambia. "Sasa nina mtu anayenuka gari, anayekuja kula wali uliopoa huku akinihadithia nani kasema nini kuhusu bajeti."

"Mimi sihadithii. Nalalamika."

"Basi kalalamike kwa Prameela."

Prameela ndiye mtayarishaji wa mjadala. Ana simu tatu, na nadhani zote tatu humpigia yeye peke yake kumwambia mgeni amekataa kuja. Desemba iliyopita gari la Velukkutty lilichelewa mara tatu, na mara tatu saa mbili iligonga kukiwa na kisanduku kitupu. Sijui kama mmewahi kukiona kisanduku kitupu kwenye runinga. Ni kama jino lililong'oka mdomoni mwa bibi harusi. Prameela alimwita Velukkutty ofisini, akamsogezea kikombe cha chai, ishara mbaya.

"Kaka Velukkutty, tatizo lako nini hasa? Foleni?"

"Si foleni, dada. Ni kiti cha mbele."

Hapo lazima niseme kidogo kuhusu kiti cha mbele. Huku kwetu kiongozi wa watu hukaa mbele, ubavuni mwa dereva, kioo kimeshushwa, mkono umetoka nje, ili akina yakhe wamwone na yeye awapungie. Kiti cha nyuma ni cha mikoba, wake, na matajiri. Mwanasiasa akionekana amekaa nyuma, watu huulizana kama amefilisika au ametajirika, na yote mawili yanapoteza kura. Sasa Velukkutty alikuwa akiwabeba wanasiasa wawili. Wakili Raveendranathan wa Mannuthy, msemaji wa chama tawala, mrefu, mkavu, na sauti kama msumeno. Na Profesa Kuruvilla wa Ollur, msemaji wa upinzani, mnene, mpole hadi taa ya kamera iwake. Viti vya mbele, kimoja. Waliosema mafahali wawili hawakai zizi moja hawakuwahi kuona mafahali hao wakigombea zizi lenye mkanda wa usalama.

"Kiti!" Prameela akasema. "Mimi napoteza watazamaji kwa sababu ya kiti?"

"Wakibishana langoni dakika ishirini, mimi nifanye nini? Niwapige?"

Prameela akafikiri, kisha akasema neno ambalo Velukkutty alilibeba nyumbani kama yai. Dereva wa gari la asubuhi anaacha kazi. Gari la asubuhi humbeba mnajimu anayesoma nyota na yule mama anayefundisha mapishi, na saa sita mchana dereva yuko huru. "Januari yote ipite bila kisanduku kitupu kwa sababu ya gari lako, na gari la asubuhi ni lako. Siku moja tu ikiharibika, tusizungumze tena."

Mchana huru! Jioni huru! Velukkutty alitoka pale akisikia ngoma masikioni, akaenda nyumbani akayatoa matoazi ya baba yake darini, akayang'arisha kwa ukwaju, akayafunga kwenye kitambaa na kuyaweka chini ya kiti chake cha dereva. Kwa nini chini ya kiti? "Ili nisisahau naendesha kwa ajili ya nini," alimwambia Ammini, na Ammini akasema mume wake amechanganyikiwa lakini angalau shaba inang'aa.

Tarehe mosi Januari akawakalisha waheshimiwa wawili na kuwasomea mkataba alioutunga mwenyewe. Tarehe za witiri, yaani moja, tatu, tano, Wakili anakaa mbele. Tarehe za shufwa, mbili, nne, sita, Profesa. Rahisi, haki, haina siasa. Wote wawili wakaukubali, wakamsifu, Profesa akasema hata Umoja wa Mataifa haujawahi kupata mtu kama yeye.

Na kweli mkataba ulifanya kazi siku thelathini. Visanduku vilijaa kila jioni. Velukkutty alianza hata kumwuliza yule mama wa mapishi anapenda redio gani asubuhi.

Ikafika tarehe thelathini na moja. Siku hiyohiyo ilikuwa sherehe ya hekalu la Peringavu, hekalu lake, lakini alijikaza asilifikirie. Jioni moja tu. Amchukue Profesa, amchukue Wakili, awatupe studioni, kesho ni mtu mwingine.

Alifika Ollur saa moja kasorobo. Profesa Kuruvilla alitoka, akafungua mlango wa mbele, akakaa, akafunga mkanda.

"Profesa, leo ni thelathini na moja."

"Najua."

"Ni witiri. Ni siku ya Wakili."

"Velukkutty, kesho ni tarehe ngapi?"

"Kesho ni moj..." Velukkutty akahesabu kwa vidole.

"Moja!" Profesa akasema. "Nayo ni witiri! Leo yeye, kesho yeye! Mkataba gani huu? Mimi nimefundisha hesabu chuo kikuu miaka ishirini na saba, nitaibiwa na dereva?"

"Sikukusudia, Profesa. Mwezi ndio una kasoro."

"Basi kaushitaki mwezi. Mimi sishuki."

Walifika Mannuthy saa moja na dakika tano. Wakili Raveendranathan alikuwa amesimama langoni, shuka yake nyeupe imenyooka kama karatasi, na miguuni pake kulikuwa na fenesi kubwa ambalo mkewe alikuwa anampelekea Prameela. Alimwona Profesa kwenye kiti cha mbele. Alitoa kalenda ndogo mfukoni, akaisogeza mpaka kwenye kioo cha gari.

"Soma."

"Sijavaa miwani," Profesa akasema.

"Miwani iko usoni kwako!"

"Ni ya mbali."

"Waheshimiwa," Velukkutty akasema, "ni saa moja na dakika saba."

"Mimi ni mtu wa kanuni," Wakili akasema. "Leo nikikaa nyuma, kesho mtasema chama changu kimekaa nyuma. Jirani zangu wanatazama."

Kweli walikuwa wanatazama. Mmoja alikuwa ameleta kigoda.

"Kaa nyuma wewe bepari," jirani mmoja akampazia Profesa sauti.

"Umesikia? Ndilo ninalolisema!" Wakili akasema.

Wakabishana kuhusu kalenda. Wakabishana kama mkataba usioandikwa ni mkataba. Wakili akataja kesi tatu, Profesa akasema mbili kati ya hizo alishindwa. Wakabishana kuhusu goti la Profesa, kwamba halikunjiki, na Wakili akasema goti hilo lilikunjika vizuri sana alipompigia magoti waziri mkuu wa zamani. Saa moja na dakika ishirini na tisa. Velukkutty alihisi gari la asubuhi likiondoka taratibu mbele ya macho yake, mnajimu anampungia mkono.

Akashuka. Akamfungua Profesa mkanda yeye mwenyewe, kama mtu anayemvua mtoto shati.

"Wote nyuma."

"Nini?"

"Nimesema wote nyuma! Mmoja kulia, mmoja kushoto. Mkiwa wote nyuma, hakuna aliyekaa nyuma ya mwenziwe."

Wakatazamana. Hoja ilikuwa na mantiki fulani, na wanasiasa huiogopa mantiki wasiyoizoea. "Na mbele atakaa nani?" Wakili akauliza kwa wasiwasi.

Velukkutty akaliinua fenesi kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kiti cha mbele, akalifunga mkanda.

"Huyu. Yeye hana chama."

Barabara ya katikati ya mji ilikuwa imeziba. Velukkutty akakata kulia, kwa njia ya mkato ipitayo Peringavu. Mpaka leo anaapa kwamba alisahau sherehe. Ammini anasema mguu wa mtu hausahau, na mimi niko upande wa Ammini. Saa mbili kasoro dakika kumi na tano walikunja kona ya sokoni, na mbele yao kulikuwa na watu, mienge, miavuli ya hariri, na ndovu mwenye pambo la dhahabu usoni aliyekuwa anatembea kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa saa. Nyuma yao wakaja watu wengine. Gari likawa kisiwa.

Simu ikalia. "Kaka, visanduku vyangu viko wapi?" Prameela.

"Viko Peringavu, dada. Vimekwama kwenye msafara."

"Wana simu?"

"Wanazo."

"Wataingia hewani kwa simu kutoka hukohuko. Ila mtu asijue wako gari moja, umenisikia? Kila mmoja na pembe yake. Saa mbili nikiona weusi kwenye kisanduku hata kimoja, gari la asubuhi nampa binamu yangu."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba saa mbili kamili, kwenye kiti cha nyuma cha gari moja, bega kwa bega, wakiwa wameegemeana kwa sababu ya unene wa Profesa, msemaji wa chama tawala na msemaji wa upinzani walinyoosha simu zao mbele, kila mmoja akaikunja shingo upande wake, wakaingia kwenye visanduku viwili. Mada ya jioni hiyo: nani alaumiwe kwa mashimo ya barabarani.

"Wakili yuko ziarani kuonana na wananchi," mtangazaji Harigovind akasema kutoka studioni, "na Profesa tunaye nyumbani kwake, kwenye maktaba yake. Profesa, karibu."

"Ahsante. Hapa maktabani kwangu..." Nyuma yake baragumu likalia.

Velukkutty akatazama saa ya gari. Saa mbili na dakika moja. Visanduku vyote vimejaa. Siku thelathini na moja, amemaliza. Akashusha pumzi aliyoishikilia tangu Ollur, na pumzi ilipotoka, ngoma zikaingia.

Zilikuwa zimefika hatua ya tatu, pale ambapo ngoma huacha kutembea na kuanza kukimbia. Velukkutty akasikiliza kwa masikio ya dereva, kisha akasikiliza kwa masikio ya baba yake. Kulikuwa na shimo. Upande wa kushoto wa mstari wa matoazi, mtu mmoja alikuwa anachelewa nusu pigo, kila mara, kila mara, kama mtu anayekuja na jibu baada ya swali kuondoka.

"Mnamsikia huyo?" akanong'ona akigeuka nyuma. "Anaua kazi."

"Shhh!" waheshimiwa wakasema kwa pamoja, hewani.

Ilimtosha. Akazima injini, akaacha vioo nusu wazi, akaingiza mkono chini ya kiti akatoa kitambaa, akashuka. Achuthan, kiongozi wa ngoma, mwenye ngoma begani na jasho mpaka kiunoni, alimwona akipenya.

"Haa! Mheshimiwa wa runinga! Umekuja kutuhoji?"

"Kaka, huyo wa kushoto anachechemea."

"Tunajua. Ni shemeji wa mwenyekiti wa kamati. Unadhani sisi hatuna siasa? Simama hapo, acha mdomo."

Velukkutty akasimama. Akafumba macho. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, saa mbili usiku ikawa saa yake.

Sasa, kule garini. Yule ndovu alikuwa amegeuzwa akapita nyuma ya gari, na hapo akasimama kabisa, kwa sababu mtu alimletea ndizi. Wakerala wote waliokuwa mbele ya runinga wakaona jambo ambalo wengi bado wanaliota. Katika kisanduku cha upinzani, nyuma ya bega la Profesa, maktabani, kulikuwa na kichwa cha ndovu kinachotafuna. Katika kisanduku cha chama tawala, ziarani, kulikuwa na makalio ya ndovu na mkia. Ndovu mmoja, visanduku viwili.

"Wakili," Harigovind akasema polepole, "hicho nyuma yako ni nini?"

"Ni wananchi," Wakili akasema bila kugeuka.

Mkia ukapunga.

Wakaenda matangazo. Kwenye matangazo, kama ilivyo desturi, waheshimiwa wakafungua chipsi za ndizi. Wakili akainama kuokota iliyoanguka. Alipoinuka, Profesa hakuwepo. Profesa, mtu wa kilo mia moja na tano, mwenye goti lisilokunjika, alikuwa amejipenyeza kati ya viti viwili na kuketi mbele, fenesi limelazwa mapajani, kioo kimeshushwa, mkono nje. Alikuwa anawapungia watu.

Matangazo yakaisha.

"Tunarejea. Wakili, mashimo..."

"Rudi nyuma!" Wakili akanguruma. "Mwizi wewe! Rudi nyuma!"

"Nani, mimi?" Harigovind akauliza.

"Leo ni thelathini na moja! Witiri! Mnaona, wananchi? Huyu ndiye mtu anayetaka mumpe serikali, hata kiti cha gari kinamshinda kusubiri!"

Wananchi wakaona, kweli. Maana Wakili alikuwa ameigeuza simu yake, na katika kisanduku cha chama tawala akatokea Profesa, kisogo na fenesi, huku katika kisanduku cha upinzani akiwepo Profesa huyohuyo, uso na fenesi.

"Na kesho je?" Profesa akapiga kelele. "Kesho ni moja! Siku mbili mfululizo! Mwiteni Velukkutty, ndiye aliyeandika mkataba!"

"Samahani," Harigovind akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utangazaji alikuwa anataka kujua jibu, "Velukkutty ni nani?"

Profesa akaielekeza simu nje ya dirisha. Pale, chini ya mwenge, alisimama mtu mwenye kitambi na shati la kampuni lenye nembo ya Pathayam kifuani, macho yamefumbwa, mikono imeinuka juu ya kichwa, anagonganisha shaba. Kwa dakika nne nzima hakuna aliyesema neno kwenye mjadala wa saa mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ilisikika ngoma tu.

Asubuhi Velukkutty akaitwa. Chai ilikuwa tayari mezani, na ndizi za kukaanga kando yake. Ishara mbaya mara mbili.

"Dada, kabla hujasema. Kisanduku hakikuwa kitupu."

"Hakikuwa."

"Hata dakika moja."

"Hata dakika moja, kaka. Kilikuwa na ndovu." Prameela alikuwa anatabasamu, kitu ambacho uso wake haukukizoea. "Unajua watu wangapi walitazama jana? Wakubwa wamenipigia wenyewe. Mimi! Kunipongeza!"

"Basi gari la asubuhi..."

"La asubuhi nimempa binamu yangu."

Velukkutty akaweka kikombe chini.

"Subiri, usinune. Wewe ni mali sasa. Kuanzia leo mjadala hauko studio. Uko garini mwako. Kamera nne ndogo, Wakili, Profesa, fenesi, kila jioni saa mbili, gari linatembea mjini. Nikikupeleka asubuhi kwa mnajimu, watazamaji wataniua."

"Dada. Uliniahidi. Nimelinda visanduku vyako mwezi mzima. Nimewatenganisha wazee wazima kama watoto wa chekechea. Na malipo yangu ni kupewa zaidi ya kile nilichokuwa nakikimbia?"

"Ndivyo kazi nzuri inavyolipwa, kaka. Mimi je, unadhani nilitaka simu tatu?"

Ukweli huo ulimuuma kuliko ahadi iliyovunjwa. Akakaa anatazama ndizi. Kisha, mimi naamini ni shetani wa ukoo wake aliyemnong'oneza, akainua kichwa.

"Nina sharti."

"Sema."

"Njia nachagua mimi. Hakuna wa kuniambia pita huku, pita kule."

"Njia?" Prameela tayari alikuwa na simu sikioni. "Pita unapotaka, mradi saa mbili muwe hewani."

Velukkutty akatoka. Kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni kulikuwa na kalenda ya sherehe za mahekalu ya wilaya nzima, Februari hadi Mei, iliyotolewa na duka la dhahabu. Akaing'oa, akaikunja, akaitia mfukoni.

Jioni hiyo, tarehe mosi, alimkuta Wakili langoni Mannuthy, kifua mbele, kalenda mkononi.

"Leo ni witiri, Velukkutty."

"Ni witiri, Wakili. Fenesi yuko mbele. Panda nyuma upesi, kuna foleni."

"Foleni wapi? Barabara nyeupe!"

"Huku nyeupe," Velukkutty akasema, na kwa kisigino akasukuma kile kitambaa chini ya kiti, matoazi yakalia kidogo. "Kule tunakokwenda kuna ndovu saba."